Dakika Kumi Nilizokunyima

Ustadh,

Leo siku arubaini na moja. Nimehesabu, unanijua. Khabari ya kifo chako niliisoma kwenye simu, nimekaa garini nje ya chuo kikuu hapa Al Khoudh nikimngoja mdogo wangu. Hakuna aliyenipigia. Miaka tisa nnakupangia siku za kupiga picha, na khabari nimeipata pamoja na watu baki.

Gazeti la kwenu Ufaransa limeandika kwamba filamu zako kumi na nne hazifanani, eti hukuwa na rangi yako. Nilikasirika hata kuendesha gari nikashindwa. Ile ya vita uliyopigia Unguja, ulikookota Kiswahili chako, ya kuchekesha, ya polisi, ile wanayoimba mwanzo mpaka mwisho, ya watoto na yule mbuzi. Nani kati ya hao waandishi kaweza hata tatu?

Na mimi ulinitoa wapi? Nlikuwa naleta chakula tu. Siku ya kwanza nikakwambia watu wako ni arubaini na tatu na msaidizi wako kaagiza sahani thelathini na nane. Ukacheka. "Kesho wewe njoo na saa, chakula alete mwengine."

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linaloninyima raha. Siku ya mwisho ya kupiga picha, kijiji cha wavuvi, Qantab. Bi Zuwena, mwigizaji wako, alikuwa afunge mlango wa nyumba anayoihama kwenye filamu. Kaufunga mara sita. Kivuli cha mlima kishafika kizingitini, watu wamesimama tangu saa kumi alfajiri, na saa kumi ya jioni imegonga. Ukanyanyua kidole, kama kawaida yako: "Bado moja." Dakika kumi tu, ukasema. Nikakujibu mbele ya watu kwamba saa zimekwisha, utarudi mwakani. Hukubisha. Hesabu zangu ulikuwa huzibishii. Ukakaa juu ya sanduku la samaki, ukautazama mlango.

Ulikuwa unajua. Daktari alishakwambia, binti yako kanieleza juzi nilipomtafuta. Kwa nini mimi hukuniambia? Ungenipa hesabu yote ningeipanga. Umeniacha nikunyime dakika kumi kama vile unazo nyengine. Nimekukasirikia, Ustadh. Na mimi mwenyewe nimejikasirikia, sijui kipi kimezidi.

Mama alisema huna ndugu huku wa kupewa pole, basi tukae matanga sie. Tukatandika, tukapika kahawa, tukaweka halua. Wakaja watu wa taa, akaja dereva wako. Bi Zuwena alipomaliza finjani ya tatu akaniuliza, "Sasa ule mlango, mwanangu, nani atautaka tena?"

Nikapiga simu Paris, kwa wanaoiunga filamu. Wakasema filamu imekwisha, wametumia ile mara ya nne, inatosha. Huenda. Lakini wewe hukuridhika nayo, na mimi nilikuwepo.

Kwa hiyo Alkhamisi tunakwenda Qantab, mimi na Bi Zuwena na kamera ya kuazima. Picha hiyo haitaingia popote, nnajua. Ataufunga mlango kwa raha zake. Saa yangu nimeshaivua, iko kabatini, na nnakuahidi sitafungua mdomo mpaka kivuli kiumeze ukuta wote.

Lala salama, Ustadh. Ile moja iliyobaki nnakuletea.