Risasi Imepatikana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bunduki zimelia tena ng'ambo ya mpaka asubuhi. Wanafunzi hawakuinua vichwa. Mji wetu wa Bwera, hapa Uganda mpakani na Kongo, umezoea — vibaya sana.

Mwalimu Musimenta, binti anayefundisha sayansi hapa shuleni, amepata mtandaoni somo la vitendo. Shule za nchi nyingi hupima maji ya mito yao kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi, kisha hutuma majibu kwenye tovuti moja. Vikaratasi vimeshafika kutoka Kampala. Maelezo ni ya Kiingereza. Darasani wamo Wakonzo, Wakongo na watoto wa kambi ya jeshi, na kinachowakutanisha ni Kiswahili. Ameniomba mimi, mwalimu wa Kiswahili, nitafsiri.

Yanayopimwa ni madini yenye sumu. Alitaka kuandika "ledi", kwa kufuata Kiingereza. Nikakataa. Kiswahili kina neno lake: risasi.

"Lakini Mzee, hiyo si ya bunduki?"

Nikamwambia muktadha huamua maana. Na upatanisho: za bunduki "zimepatikana", ile ya madini "imepatikana". Aliyesoma hawezi kukosea.

Jumatano, 5 Machi 2025

Mtoni. Watoto walijaza maji kwenye chupa, wakachovya vikaratasi wenyewe, wakabishana juu ya rangi, wakapiga picha, wakatuma. Sijawahi kuwaona wakigombania somo hivyo. Pale watu wanapochota maji, kila kikaratasi kiligeuka chekundu, rangi ya sumu. Maji hayo hunywewa na nusu ya mji.

Wazazi lazima wajue leo. Musimenta aliandika ujumbe wa kundi lao la WhatsApp, nikausahihisha mimi: "Risasi imepatikana mtoni, mahali pa kuchotea maji. Chupa zimehifadhiwa shuleni."

Akatuma.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Watu wa mji walikuja kabla ya kengele. Mapanga, mawe, mnyororo wa baiskeli. Eti shule inaficha risasi za waasi.

Jean-Bosco, mlinzi wetu aliyekimbia vita vya Beni, Kongo, alisimama langoni akawaonyesha chupa. "Ni mayi tu, baba. Mayi ya mutoni."

"Mukongo anauza maji siku hizi?" mmoja akacheka. Mnyororo ukampasua uso. Alipoanguka walimkanyaga kifua, nilisikia mifupa. Mimi nilikuwa nikipaza sauti kwamba "imepatikana" si "zimepatikana". Ndiyo, hilo ndilo nililopaza. Jiwe likanipiga begani.

Walivunja maabara. Kompyuta zilipondwa kwa mawe, chupa za watoto zikamwagwa sakafuni. Musimenta walimburuta kwa nywele, akapigwa teke la mdomo. Afande Ocen wa kambi ya jeshi, mzazi wa mmoja wa wanafunzi, alifyatua hewani — risasi za bunduki, hizo — ndipo wakatawanyika.

Kisha akanijia mimi. "Mzee, wewe iliandika risasi iko. Sasa leta."

"Niliandika imepatikana."

"Ndiyo. Iko wapi?"

Katika Kiswahili cha hapa kila kitu ni i-. Watu inakuja, viti imevunjika, risasi imepatikana. Nimewatilia alama nyekundu miaka yote, na nikawaandikia kana kwamba hawapo.

Musimenta amepakiwa kwenye pikapu ya polisi, amepelekwa Kasese kuhojiwa. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye gauni.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Jean-Bosco amefariki hospitalini. Ubavu ulitoboa pafu.

Ninaandika haya kwenye benchi la kituo cha polisi, Kasese. Nilimwona Musimenta kupitia nondo. Mdomo umevimba, meno mawili hayapo.

Mkuu wa kituo anataka sentensi moja yenye saini yangu: Hakuna risasi mtoni. Itatumwa kwenye kundi lile lile ili watu watulie, naye Musimenta ataachiliwa leo. Bila hiyo anabaki. Na nje, kasema, kuna wanaomngoja na mapanga.

Nikamwomba niandike "ledi" — hakuna risasi, ila kuna ledi.

"Ledi ni nini? Bomu?"

Nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Usiongeze maneno, Mzee. Maneno ndiyo iliua mtu."

Yaliua. Safari hii sikumsahihisha.

Musimenta alisikia. Aliniita kwa sauti isiyotoka vizuri. "Mzee, usiandike. Watakunywa."

Simu imelia mfukoni. Ni ujumbe wa Kaswera, mjane wa Jean-Bosco: "Mwalimu, maiti itafika mangaribi. Batu beko nakuja mingi, na mayi ya kupika hakuna. Banasema ya mutoni iko mubaya. Iko mubaya, ao turudie kuchota?"

Nimeirudisha simu mfukoni.

Mkuu amerudi na kalamu. Anasema haraka, Mzee, gari ya Bwera iko tayari. Karatasini nimeandika neno la kwanza: Hakuna. Ameshanyoosha mkono apewe karatasi.