Jina Juu ya Nyimbo Zako

Kwa dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kukusumbua kila unapopanda ngazi za tangi. Shemeji hajambo? Wanangu je, wameshafunga shule? Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako anakusalimu sana, na mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili na sasa anang'ata kila anayemkaribia, mgeni na mwenyeji. Kwa upande wa afya hatuna malalamiko. Malalamiko yako kwingine, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu ningeishia kupayuka nawe ungenikatia.

Barua hii nampa dereva wa lori la mabomba anayekuja kituoni kwenu kesho, kwa sababu nataka uisome kabla ya Jumapili. Kwa nini Jumapili, nitakueleza. Kwanza upate habari yenyewe. Zile nyimbo zako kumi na mbili ulizotuachia kwenye daftari gumu, siku ulipohamishiwa huko, zimechapwa kitabu. Ni kitabu kizuri, karatasi nzito, kimeshonwa kwa uzi. Jina lako halimo hata mahali pamoja.

Kaa kitako, dada. Nina wiki tatu nimekasirika na bado sijachoka.

Yote yalianza pale mwenyekiti wetu wa kwaya alipotoka kusikiliza kwaya ya watu wa umeme. Akarudi roho juu. Alisema wenzetu wanaimba wameshika karatasi zilizochapwa, wakati sisi wa idara ya maji bado tunakodolea macho ubao wa chaki kama darasa la kwanza. Akaomba kompyuta moja iliyokwisha kustaafu kule ofisi ya ankara, ikawekwa kwenye stoo ya mita mbovu, juu ya meza ile ile uliyokuwa ukiandikia wewe. Kilichobaki kilikuwa kuchagua programu ya kuandikia muziki. Kwa kazi hiyo akamleta shemeji yake, fundi wa mashine za fotokopi, ambaye sisi tulimbatiza Mtaalamu kwa sababu hakuna swali alilokubali kuwa halijui.

Mtaalamu alituonyesha programu tatu. Moja ilikuwa ya kupanga ngoma na vinanda juu kwa juu mpaka upate wimbo wa kuchezea. Karatasi haitoi kabisa, kwa hiyo iliondoka mapema. Ya pili ilikuwa ya nota za herufi, do-re-mi kama tunavyoandika ubaoni, mistari minne kwa sauti nne, maneno chini yake. Unaandika, unachapa, unagawa, watu wanaimba. Kasoro yake ni kwamba ukiiambia ikupigie ulichoandika inatoa sauti ya birika linalochemka. Ya tatu ilikuwa ya nota za mistari mitano, na hiyo Mtaalamu alikuwa ameshaiwekea wimbo wako mmoja. Akabofya, tarumbeta zikalia. Mwenyekiti akafumba macho. Ubeti wa kwanza haujaisha, programu ilikuwa imeshachaguliwa.

Nilinyoosha mkono nikauliza ni nani kati yetu anayesoma mistari mitano. Jibu lilikuwa mimi peke yangu, na mimi mwenyewe nasoma kwa kupapasa. Nikaambiwa naogopa maendeleo. Nikaambiwa watu watazoea. Sasa niambie dada, tulikuwa tunachagua kalamu au tunachagua redio? Kitu cha kusomwa kwa macho wamekichagua kwa masikio, na aliyesema hivyo akaonekana mkorofi.

Mazoezi ya kwanza na karatasi mpya ungecheka mpaka ukae chini. Besi wetu Ngurumo aliishika yake juu chini wimbo mzima na hakukosea hata neno, kwa kuwa anaujua kwa moyo miaka tisa sasa. Mama wa mapokezi alikunja yake akajipepea. Mwenyekiti alizunguka nyuma yetu akitikisa kichwa kwa furaha, akasema mnaona jinsi inavyosaidia. Baada ya hapo kila saa ya chakula nilikaa stoo nikiandika do-re-mi kwa penseli chini ya kila nota, wimbo baada ya wimbo, kazi moja mara mbili.

Programu yenyewe nayo ina kiburi. Kwenye wimbo wako wa benchi, pale ulipotaka tuchelewe kidogo kabla ya neno "fungua", iliweka rangi nyekundu ikasema mapigo yamezidi. Mtaalamu akaniambia nipunguze tu, nani atajua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aliyechelewesha pale alikuwa na sababu, na kama mashine haiwezi kungoja nusu pigo basi iende ikapime mita. Tuligombana nusu saa, na nilishinda.

Kuhusu jina ni hivi. Siku ya kuiweka programu, iliuliza jina la mtumiaji. Mimi ndiye katibu na mimi ndiye mchapaji, kwa hiyo nikatoa yangu yote mawili, langu na la baba. Kumbe kila ukifungua ukurasa mpya, inalichukua jina hilo bila kukuuliza na kulipachika juu kulia, mahali pa mtunzi. Mwenyekiti alipozipeleka kiwanda cha uchapaji zifanywe kitabu, wakachapa kama walivyokuta. Nyimbo kumi na mbili, jina langu mara kumi na mbili.

Nilipomwendea mwenyekiti, alisema ni jambo dogo, mbona jina la baba yenu lipo pale, yote si ya nyumba moja? Mtaalamu alisema mashine hufanya ilivyoambiwa. Mchapishaji alisema hakuajiriwa kujua nani katunga nini. Kila mtu mikono safi. Hata wewe nimekukasirikia, ujue. Miaka yote ile, jalada la daftari umeandika "Nyimbo za kwaya", kana kwamba zilijiotea zenyewe.

Hasira zangu nimezigawa zote, dada, na amebaki mtu mmoja ambaye sijampa fungu lake.

Jina lile nililiona siku ya kwanza. Nililiona kwenye ukurasa wa kwanza wa wimbo wa kwanza, na nililifuta kwa kubofya mara mbili, kwa hiyo usiniulize kama nilijua namna. Kisha nikafungua wimbo wa pili, likajitokeza tena, nikaliacha. Nikajiambia nitayafuta yote kwa pamoja mwishoni. Siku iliyofuata nilirudi kwenye ule wa kwanza nikaliandika tena, ili zifanane. Nilipigania nusu pigo lako mpaka sauti ikanikauka, na wimbo mzima nikautia mfukoni. Malalamiko yangu kwa mwenyekiti niliyapeleka kitabu kilipokwisha kutoka, na niliyasema kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi alinikuta kwenye korido akanipa mkono, akaniita mtunzi. Miaka kumi na minne katika idara ile, alikuwa hajawahi kunisimamisha ila kwa habari ya bomba lililopasuka. Nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi sana.

Kisha akaja mtangazaji wa kike kutoka redio. Aliketi stoo, kinasa sauti juu ya mita mbovu, akaniuliza wimbo wa benchi ulitokana na nini. Hapo ningeweza kusema mwulizeni dada yangu. Mdomo ulifunguka kama bomba lisilo na koki. Nilisema niliutunga hospitalini, kwenye benchi la korido, siku tatu, mama akiwa nyuma ya mlango ule usiofunguka. Nikaeleza rangi ya ukuta. Rangi nimeipata kwako.

Wewe unajua nilikuwa wapi siku hizo tatu, au unadhani unajua. Nilikwambia usafiri haukupatikana. Ulipatikana, dada. Basi lilikuwapo kila siku asubuhi. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kitandani, viatu miguuni na begi limefungwa, siku zote tatu, kwa sababu niliogopa kumwona vile. Nimekuwa mwoga, kisha nimekuja kuuvaa ujasiri wako mbele ya watu.

Mazungumzo hayo yatarushwa Jumapili saa nane mchana. Kesho, lori likishaondoka na barua hii nisiweze kuirudisha, nitakwenda redioni niwaambie wasiyarushe, kisha nitakwenda kwa mkurugenzi. Redioni wakikataa, utanisikia. Nimetaka unisikie hapa kwanza.

Kuna jambo moja la mwisho. Yule mtangazaji aliniuliza mama aliniambia nini siku ile ya mwisho. Nilibuni. Nilisema aliniambia niendelee kuimba, na mtangazaji akafuta machozi. Miaka sita hii sijawahi kukuuliza, kwa kuogopa kwamba ungenijibu. Sasa nakuuliza. Mama alisema nini? Aliniulizia? Na kama aliniulizia, ulimwambia niko wapi?

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Wifi yako anasema anakungoja mwezi ujao. Nimemwambia hilo sasa ni la kwako kuamua. Dereva atalala huko siku moja kabla ya kurudi, ukipenda kumpa jibu.

Ni mimi,
mdogo wako.