Vazi la Juu kwa Wanaume Wanaocheza na Hando

KIKUNDI CHA SENGENYA CHA TUUNGANE, MSAMBWENI

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumapili, tarehe 13 Julai 2025, katika banda la mazoezi nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Matano Nassir – Mwenyekiti na mpiga ngoma mkuu
2. Bi Mbeyu Salimu – Mweka hazina na kiongozi wa waimbaji wanawake
3. Mwinga Baya – Kiongozi wa wachezaji wanaume
4. Kaingu Mramba – Msaidizi wake
5. Swabir Athumani – Fundi wa mavazi
6. Japheth Mutua – Mpiga ngoma
7. Twaiba Hamadi – Katibu

WASIOHUDHURIA
1. Mbodze Mangi – kwa udhuru. Amekwenda mnada wa mbuzi Samburu.
2. Chome Mwachiro – bila udhuru, ingawa pikipiki yake ilisikika ikipita nje mara mbili.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kwa kuwa Mwenyekiti hakutaka kuanza kabla Mwinga hajafika. Mwinga alipofika alikuwa amevaa koti zito, zipu imefungwa hadi shingoni, na banda letu ni la mabati. Fundi Swabir aliomba dua, kisha Japheth akaomba kwa upande wa Wakristo, akafupisha baada ya kutazamwa.

KUMB. NA. 2/7/2025: SABABU YA KUKUTANA

Mwenyekiti alieleza kwamba shule tatu zimekialika kikundi kuwafundisha watoto ngoma yetu ya sengenya, na kwamba walimu wakuu wote watatu, kana kwamba walikaa kikao kimoja, wameomba wanaume wafunike vifua. Alikumbusha kwamba tangu kikundi kianzishwe mwanamume huvaa hando, yaani sketi yetu nyeupe ya marinda, na kifuani hupishanisha shanga, basi. Alisema miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza mbona mwanamume amevaa sketi, na leo wanauliza mbona hana shati. “Kifua cha mwanamume kimekuwa cha kufichwa tangu lini?” aliuliza.

Bi Mbeyu alijibu kwamba swali hilo waulizwe wanaosimama karibu naye anapotoka jasho. Mwenyekiti aliomba jibu hilo lisiandikwe. Kamati haikuafiki.

Mwinga alisema anaunga mkono wanaume wavae kitu juu. Lilikuwa neno lake la kwanza katika kikao hicho. Kaingu alisema, akitazama paa, kwamba mtu ambaye hajaonekana mazoezini tangu baada ya Idi asiwe wa kwanza kuchagua nguo za wenzake.

Iliamuliwa kwamba wanaume watavaa vazi la juu. Mwenyekiti peke yake alipinga, akakubali kushindwa kwa mdomo lakini si kwa uso.

KUMB. NA. 3/7/2025: KUJARIBU MAVAZI

Kwa faida ya wanachama wapya inaandikwa hapa kwamba kwetu vazi halipitishwi kwa kutazamwa. Kiongozi wa wachezaji hulivaa mbele ya kamati, palepale, akalichezea, na yeye ndiye husema limepita au halikupita. Hivyo Mwenyekiti alimwita Mwinga. Mwinga alisema leo avae Kaingu. Alipoulizwa sababu alisema ana mafua. Kaingu alikuwa amekwisha kuvua shati lake kabla swali halijajibiwa.

(a) Fulana. Zililetwa na Japheth kutoka Ukunda, ambako anafanya kazi hotelini. “Hizi ziko fiti, Mzee,” alisema. “Hata wasee wa job wanavaa za hivi.” Kaingu alichomeka fulana ndani ya hando. Hando lina kitambaa kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka na hukazwa kiunoni kwa kamba, kwa hiyo fulana haikupata pa kukaa, ikajikusanya yote tumboni. Bi Mbeyu alimwuliza Kaingu ana miezi mingapi. Fundi Swabir alisema ndivyo inavyokuwa mtu akinunua nguo kwa kumfikiria mwanamume aliyevaa suruali. Japheth alizirudisha fulana kwenye mfuko.

(b) Kizibao cheusi. Kaingu aliposimama nacho kila mtu alikisifu, hata Mwenyekiti. Lakini sengenya ni mabega. Mabega yalipoanza, kizibao kilifunguka chote, na kifungo kimoja kikaruka kikatua ndani ya kikombe cha Bi Mbeyu. Hakikupita. Chai ilibadilishwa.

(c) Shati la bafta. Fundi Swabir alieleza kwamba amelishona kwa kitambaa kilekile cha hando. Halina kola wala vifungo, mikono yake ni mipana, na limepasuliwa pembeni pande zote mbili ili lilale juu ya marinda bila kujikusanya. Katibu anakiri lilikuwa zuri. Fundi alilikata kwa vipimo vya Mwinga alivyokuwa navyo tangu mwaka jana. Kichwa cha Kaingu kiliingia, mabega yakakataa. Ikaonekana wazi kwamba wa kulijaribu ni Mwinga na si mtu mwingine.

KUMB. NA. 4/7/2025: HOJA YA KUBADILI KIONGOZI WA WACHEZAJI

Hoja hii haikuwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti alimtaka Mwinga avue koti. Mwinga aliomba akalijaribu shati nyumbani. Mwenyekiti alisema hakuna mtu anayecheza sengenya peke yake chumbani ila aliyerukwa na akili. Kisha alizungumza kwa kirefu. Alisema Mwinga ametoweka, simu hapokei, na inasemekana anacheza na kikundi kingine huko Ukunda kwa ajili ya watalii. Leo amerudi, na hata kuvua koti mbele ya wenzake anaona ni kujishusha. Alitoa hoja kwamba uongozi wa wachezaji apewe Kaingu. Kaingu alisema yuko tayari, upesi kuliko ilivyopendeza.

Kabla hajapatikana wa kuunga mkono, Bi Mbeyu aliomba nafasi. Hakuihutubia kamati. Alimgeukia Mwinga akasema, “Mwanangu, utasema mwenyewe, au niendelee kukunyamazia?”

Mwinga alisimama. Alisema hajacheza Ukunda wala mahali pengine popote. Alipata uvimbe kwenye titi la kushoto, akadhani ni jipu, akalikanda kwa maji ya moto. Daktari alimwambia ni saratani ya titi. Baada ya Idi alifanyiwa upasuaji, likaondolewa titi lote pamoja na nyama ya kwapani. Japheth aliuliza, bila nia mbaya, kama wanaume nao huugua ugonjwa huo. Mwinga alisema hata yeye alimwuliza daktari hivyohivyo.

Mwenyekiti aliuliza mbona hakuambiwa.

“Ningekwambia nini, Mzee wangu?” alisema Mwinga. “Kwamba nakaa foleni na kina mama, muuguzi akiita jina langu na kuniona, anamtafuta mke wangu kwa macho? Hando navaa mbele ya umati, wala sioni haya. Hili niliona haya. Nikajua nikija hapa mtaniambia nivue shati, nipishanishe shanga, nicheze.”

Mwenyekiti alimwagiza Katibu aweke kalamu chini. Mwinga alisema hapana, iandikwe, amechoka kukaa ndani ya koti. Katibu aliendelea kuandika. Ikiwa mistari ya hapa katika nakala ya mkono haisomeki vizuri, ni kwa sababu Katibu alikuwa akilia, wala hakuwa peke yake.

Bi Mbeyu alieleza kwamba alimwona Mwinga kliniki siku alipompeleka dada yake. Mwinga alimtazama mara moja tu, naye akaelewa. Alinyamaza hata uvumi wa Ukunda ulipovuma, kwa kuwa habari ilikuwa ya mwenyewe.

Mwenyekiti aliiondoa hoja. Alisema maneno ya Ukunda yeye ndiye aliyeyapeleka mpaka sokoni, na kesho atakwenda kuyarudisha kwa mdomo uleule. Alimwomba Mwinga msamaha mbele ya kamati. Mwinga alisema yamekwisha, Mzee akae.

KUMB. NA. 5/7/2025: SHATI LA BAFTA

Bi Mbeyu na Katibu waliinuka kutoka nje. Mwinga aliuliza wanakwenda wapi, desturi ni mbele ya kamati. Wakakaa. Alifungua zipu, akavua koti na fulana ya ndani. Kovu linaanzia katikati ya kifua na kuishia kwapani, na pale palipokuwa na titi pamekuwa bapa. Kumkodolea macho kulikuwa vibaya na kumkwepa kulikuwa vibaya vilevile. Kamati ilijitahidi.

Fundi Swabir alimvalisha shati, mkono wa kushoto kwanza. Mwinga alifunga hando juu ya kikoi chake. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwenye ngoma akapiga polepole, Japheth akaingia, na Mwinga akacheza. Shati lililala juu ya marinda kama lilivyokusudiwa. Mabega yalipotikisika halikufunguka wala kupanda. Miguu yake haikuwa imesahau kitu, na Katibu alifurahi kuona hivyo.

Ilipofika pale ambapo wanaume huinua mikono yote miwili, wa kulia ulipanda na wa kushoto ukasimama usawa wa sikio. Alirudia. Ukasimama palepale. Ngoma zilinyamaza.

Fundi Swabir alisema upesi kwamba kosa ni lake, kwapa amelibana, atalifumua usiku huu huu.

“Usilifumue, fundi,” alisema Mwinga. “Shati limepita. Mkono ndio hauendi, na kosa hilo si la shati.”

Aliendelea kusema kwamba wanaume hucheza kwa mstari mmoja, na kiongozi ambaye mkono wake haufiki anaupinda mstari wote mbele ya watu. Kwa hiyo hoja ya Mwenyekiti, ingawa ilitolewa kwa sababu nyingine, ni ya haki. Aliomba Kaingu aongoze, yeye acheze nyuma akiweza. Alisema hivyo akivua shati, akalikunja vizuri, akalirudisha kwa fundi.

Iliamuliwa kwamba shati la bafta lishonwe kwa wanaume wote. Suala la uongozi lilibaki wazi.

KUMB. NA. 6/7/2025: MIKONO

Kaingu aliomba nafasi. Alikwenda akasimama upande wa kushoto wa Mwinga, pale anaposimama siku zote katika mstari, akamwomba ainue mkono tena. Mwinga aliinua. Kaingu aliinua wake mpaka ukawa sawa na ule, akauliza, “Ni hapa?”

“Hapo,” alisema Mwinga.

Kaingu aliiambia kamati kwamba uongozi aliutaka, haoni sababu ya kuficha, lakini hautaki kwa njia hii. Alisema mstari haupindi kwa sababu mikono haikufika juu. Hupinda ikiwa mmoja amefika na mwingine hakufika. Alitoa hoja kwamba wote wafike hapo. Japheth aliunga mkono, naye mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka usawa huo.

Bi Mbeyu aliuliza wanawake je. Mwenyekiti alisema kikundi ni kimoja.

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba Mwinga Baya ataendelea kuwa kiongozi wa wachezaji. Kuanzia mazoezi ya Jumatano, penye kuinua mikono, wachezaji wote, wanaume kwa wanawake, watainua kufikia pale unapofikia mkono wa kushoto wa Mwinga, na si zaidi. Ukizidi kupanda, kikundi kitapanda nao.

KUMB. NA. 7/7/2025: KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo. Mwenyekiti aliwashukuru waliofika, akawaruhusu saa kumi na mbili kasorobo ili wawahi magharibi. Mwinga aliondoka na koti lake mkononi.

Imesomwa na kuthibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Matano Nassir (sahihi)
Mwenyekiti

Twaiba Hamadi (sahihi)
Katibu