Usingizi wa Maneno

Zaina, mdogo wangu,

Nakuomba kwanza: haya yote yabaki kwako. Hata Bibi usimwambie. Najua uko naye sasa, na Bibi hakuwahi kuficha hata chungu kilichoungua. Mimi bado naogopa. Namwandikia marehemu, na bado kila mara naangalia mlango.

Tangu tukuzike, nyumbani hakuna anayetaja ugonjwa wako. Wanamtaja Mama Faida tu. Muuguzi yule aliyekushika mkono tangu utumbo wako ulipoanza kutoa damu, leo akipita sokoni akina mama wanavuta watoto wao. Kisa ni ule usingizi wa maneno. Kwa Kifaransa unaitwa hipnozi, naye alijifunza Bukavu.

Nilikuwepo chumbani, maana uliniomba nisitoke. Alikwambia ufumbe macho, upumue polepole, ushuke mtoni, maji ya baridi yapite tumboni mwako. Uso wako ukalegea. Ulipoamka ukaniambia mimi kaka yako, "Yaya, redio imezima." Tumbo lako uliliita redio: "Iko inapiga habari tangu asubuhi, na zote ni za vita." Siku ile ulikula ugali na mboga ya sombe, ukaomba uongezewe. Mama alilia jikoni kwa furaha.

Na Mama Faida hakutudanganya. "Vidonge ndivyo vinatibu utumbo," alisema. "Maneno yangu yanapunguza maumivu na woga. Musiache kimoja kwa ajili ya kingine." Hata mbuzi angeelewa.

Lakini Baba Mdogo alikuwa amesimama dirishani. Alisikia jina lako likiitwa nawe umefumba macho, akasikia ukiambiwa ushuke mtoni. Kwetu anayekuita usingizini na kukupeleka majini, huyo anakuchukua. Wewe na mimi tulilelewa hivyo. Kwa hiyo simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa alichokifanya baada ya kuogopa.

Alikupeleka Wamaza kwa pikipiki, kwa mtu wa kukurudishia nafsi. Vidonge akavikataza: "Dawa yake na mudomo wake ni kitu kimoja!" Vikabaki nyumbani nyuma ya termosi. Ulirudi umefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva, barabara yote matope, na kitenge kimelowa. Si matope yaliyokilowesha.

Zaina, kwenye matanga alilia kuliko Mama. "Mutoto alichukuliwa! Mwanamuke ule alimwita, mutoto akaitika!" Watu wakajibu, "Kweli, kweli," huku wakinyoosha mikono kwenye sinia la wali. Kisha akaniinamia sikioni: "Weye karani, kazi yako ni kuandika. Ofisi ya chifu nilikuingiza mimi."

Jumatatu Mama Faida anaitwa kwa chifu. Wanataka aondoke Kasongo. Mimi ndiye nitakayeandika maneno ya baraza, nikae kwenye meza yangu ndogo kama vile sikukujua. Wakati huo huo, kwenye kitanda chako cha hospitalini amelala msichana aliyeletwa kutoka Salamabila, ana ugonjwa huu huu. Mama Faida amekatazwa kumkaribia. Jana nilipita pale. Amejikunja, ameuma ncha ya shuka ili asipige kelele, kama wewe. Mama yake akaniuliza, "Baba, eti kuna muuguzi anajua kutuliza tumbo kwa maneno. Iko wapi?" Nikageuka, nikatoka.

Basi nakuahidi. Jumatatu nitaweka kalamu chini, nitasimama mbele ya Baba Mdogo na chifu, niseme nilikuwa ndani ya chumba kile. Nitasema ulivyokula siku ile, na nitasema vidonge vilibaki wapi.

Baada ya hapo sidhani nitakuwa na kazi, wala kwamba nitalala tena chini ya paa la nyumbani. Nitaenda Kabambare. Ukitaka kunifikia, usipitie ndoto za Mama. Anazisimulia kisimani asubuhi, na kabla ya mchana Baba Mdogo anazo zote. Njoo kwangu moja kwa moja. Fuata barabara ya soko mpaka kwa mafundi wa pikipiki. Nitapanga chumba nyuma yao. Njoo mchana, wakati wa kelele za mashine, mtu asisikie. Usibishe hodi. Kaa kitandani upande wa ukuta, wala usiseme kitu. Nitajua ni wewe.

Kwa heri, Zaina.

Yaya wako