Sahani ya Memory

Nchelenge, 11 Machi 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi huku ni wazima. Je, mguu umeacha kukusumbua usiku?

Bila shaka umesikia habari ya watu kumi na wanane walioumwa baada ya kula samaki kwetu. Wote wamepona. Nilidhani migahawa yetu mitatu itakufa, lakini wateja wamerudi, hapa, Kashikishi na hata Mwansabombwe. Kila mchana nasimama mbele yao na kula wa kwanza kutoka chunguni, kama ulivyotufundisha kuwafanyia wageni. Siku ile sikuonja kwa sababu nilikuwa nimefunga kwa maombi. Kafula, dereva wa minibasi ya Mansa, aliumwa kuliko wote, naye anasema: "Mama, siye tuko batu yako, watu wako. Tutaenda kula kwa nani?"

Nilimfukuza Memory, mpishi. Niliwaambia watu kwamba hakuosha samaki. Amerudi kwao Kafutuma.

Uvuvi uliokuwa umefungwa kwa msimu umefunguliwa, lakini wateja bado wanataka samaki wako wa moshi. Tuma wengine kwa mashua kutoka huko ng'ambo ya ziwa.

Mtoto wako,
Delphine

Kilwa, 2 Aprili 2024

Mwanangu Delphine,

Nakusalimu. Mama yako ni mzima. Mimi silali, wala si kwa sababu ya mguu.

Memory hana kosa. Mwezi wa pili, mashua ilipokwama hapa siku tisa, wadudu waliingia katika vikapu vya samaki. Nilichukua pampu ya bustani nikawapulizia dawa ya wadudu wa kabichi. Nilijua ni sumu. Nilijiambia kwamba itakwisha nguvu njiani. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwachapa watoto wa shule kwa uongo mdogo kuliko huu.

Isome barua hii mbele ya wateja katika migahawa yote mitatu. Kisha umrudishe Memory.

Baba yako,
Michée

Nchelenge, 20 Mei 2024

Papa,

Salamu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako iko chini ya mfuko wa unga. Sijaisoma mbele ya mtu.

Memory alionja siku ile. Alinijia na kijiko mkononi, akasema, "Mama, huyu samaki ananuka dawa." Nilimjibu, "Huyo ametoka kwa papa yangu. Pakua." Wasichana wote wa jikoni walisikia, na wote wamenyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi.

Wateja wananiamini. Jana mke wa mchungaji alileta wageni wake kutoka Mansa. Nikisema, watakuchukia wewe. Tuache hivi.

Mtoto wako,
Delphine

Kilwa, 27 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu. Usinifanye kisingizio chako. Nitavuka ziwa Alhamisi katika mashua ya Sébastien. Unipikie chakula cha mchana, saa ambayo watu ni wengi. Nitasema mwenyewe.

Baba yako,
Michée

Nchelenge, 18 Juni 2024

Papa mpendwa,

Natumaini ulifika salama na ziwa halikukusumbua. Mwambie Mama kitenge alichonitumia kimenipendeza.

Tangu uliposimama kati ya meza ukasema yote, sijapoteza mteja hata mmoja. Bado wanacheka maneno ya Kafula: "Mwalimu, mara ingine weka chumvi tu." Ulicheka nawe. Mimi nami niliposema niliyomtendea Memory, waliniambia, "Imekwisha, mama," wakaomba matonge ya bukari ya kuongeza.

Jana Memory alikuja. Nilikuwa nimempelekea ujumbe arudi kazini. Hakuingia jikoni. Alikaa kwenye meza ya dirishani, akaagiza samaki. Nilimpelekea mwenyewe, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Alisema, "Nilikuambia, mama." Nikamega samaki wake, nikala wa kwanza mbele ya watu wote. Alinitazama mpaka nikameza. Kisha akafunika sahani yake kwa sahani nyingine bila kuonja, akalipa, akatoka kwenda kungoja gari la Kafutuma.

Leo watu wamejaa meza zote isipokuwa ile. Kafula ameniuliza kwa nini sitoi sahani iliyofunikwa. Nimempelekea chakula chake, nikarudi kuifuta meza ile kuizunguka sahani.

Mtoto wako,
Delphine