Kapteni wa Ndege ya Baba

Gatitu,
S.L.P. 2716,
Nyeri.
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Mbuvi,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumai wewe, Adhis na watoto mko wazima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa theluji umekuachilia. Sisi huku tuko katikati ya baridi ya Julai. Mlima haujaonekana wiki nzima, nguo hazikauki, na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Mimi sijambo. Shangazi Kasyoki hajambo, anakula vizuri na kulalamika vizuri. Baba si mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Barua hii anakuletea Mwalimu Benter, aliyefundisha na marehemu mama. Anasafiri kesho kwenda kwa binti yake, hapo hapo Saskatoon mnakokaa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatufiki mbali. Ukisikia neno usilolipenda, mtandao wako unaharibika ghafla.

Shangazi ameniambia ulimpigia. Ati ninamficha mzee. Ati badala ya kumpeleka Nairobi awekwe kwenye mashine ya kupumulia, nimemkalisha mbele ya kompyuta kucheza michezo ya watoto. Na kwamba wewe ndiwe kifungua mimba, hakuna litakaloamuliwa bila wewe. Nilimwuliza mara mbili kama ulisema hivyo kweli. Akanijibu, "Mimi ni wa kubeba tu maneno. Mkitaka kugombana, gombaneni wenyewe." Basi nisikilize mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Mapafu ya baba yamejaa makovu. Daktari alituonyesha picha, na hata mimi nisiyejua kitu niliona pale palipobaki pazima ni padogo. Mashine ya oksijeni inanguruma sebuleni mchana na usiku, mrija uko puani mwake hata akila. Hafiki langoni. Nesi Wacera anakuja kila asubuhi kumpima. Lakini akili yake ni ile ile, na ubishi ni ule ule.

Mwezi wa tano aliniuliza, "Kanini, hizo kompyuta unazotengeneza, haziwezi kuruka?" Nikadhani ugonjwa umepanda kichwani. Kumbe alikuwa anaitaka ile safari. Unaijua habari yenyewe, ingawa wewe ulikuwa na miaka sita na mimi minne. Januari ya mwaka sabini na saba alikuwa injinia wa ndani ya ndege, anayekaa nyuma ya marubani na kutunza injini na mafuta. Alikuwa amepangiwa VC10 ya Nairobi, Entebbe, Roma, London. Mama alimfungia sanduku. Alipofika uwanjani wakaambiwa hakuna ndege itakayoondoka, lile shirika la ndege la nchi tatu limekwisha. Akarudi na mashati yakiwa bado yamekunjwa. Hakuketi tena ndani ya ndege kama mfanyakazi. Alimfuata mama huku alikohamishiwa, akatengeneza mashine za kumenya kahawa kule Kianyaga mpaka akastaafu. Safari aliyoiomba ni hiyo ambayo haikuondoka.

Mimi nilianza kazi yangu na meza moja kwenye baraza la duka la mtu mwingine, kwa hiyo kuanza na kitu kisichokuwepo hakunitishi. Nilitafuta programu yenye ile ndege ya zamani, injini nne mkiani, kila saa na kila swichi kama ilivyokuwa. Nikaunganisha skrini tatu. Viti viwili vya mbele ni vya lori lililobomolewa, nilivitoa mjini Kenol. Ubao wa injinia niliuchonga mwenyewe nikaufunga swichi, baba akiwa kando ananisahihisha. Swichi moja ilipokaa kidole kimoja chini ya mahali pake, alinifanya niing'oe.

Viti vya mbele aliwapangia watu yeye mwenyewe. Kushoto, kapteni, ni wewe. Kulia, msaidizi, ni mimi. Uliahidi, ukaweka programu kwenye kompyuta yako, na mwezi wa sita tukajaribu pamoja ukiwa huko. Unakumbuka ulivyocheka ndege ilipogeuka kama ng'ombe aliyekataa josho. Baba alicheka hadi Wacera akaja mbio.

Safari yenyewe tuliipanga Jumamosi ya tarehe tano, saa nane mchana kwetu. Nilikuhesabia kwamba kwako ni saa kumi na moja alfajiri, na wewe ukasema hiyo ni sawa kabisa. Baba alivaa shati jeupe na tai. Shangazi alikaa nyuma yetu kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso kiunoni na kiti pamoja, ati huo ndio mkanda. Tukangoja. Saa tisa na nusu ukaleta ujumbe: "Nimeitwa kazini. Endeleeni."

"Kapteni ako wapi?" baba akauliza.

"Hatakuja, baba. Amesema tuendelee."

"Tuendelee na nani?"

"Mimi nitaziwasha. Swichi nimezifunga mimi mwenyewe."

"Injinia hawashi injini kwa sababu swichi ziko. Anawasha akiambiwa na kapteni. Bila hiyo ni fujo."

Shangazi akaingilia, "Mwangangi, hii ndege iko sebuleni. Nani atakushtaki?"

"Wewe ni abiria, Kasyoki. Nyamaza, ungoje chai."

Mashine ya oksijeni ikanguruma peke yake. Nitakuambia ukweli, kaka, sikuumia sana kwa kukosa kukuona. Niliumia kumwona baba akikitazama kiti kitupu cha lori kana kwamba mimi sipo. Ninayemwogesha ni mimi. Ninayemgeuza kitandani ni mimi. Niliinuka niende jikoni nikaweke sufuria ya githeri motoni.

"Kanini."

"Naam, baba."

"Hamia kushoto."

Nikahamia.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Sema unataka injini gani. Mimi nangojea wewe."

Nikasema. Akawasha, moja baada ya nyingine, na kila ikishika alinitajia namba za joto bila kuangalia zaidi ya mara moja. Tulipaa kutoka Nairobi ya zamani, isiyo na barabara za juu wala maghorofa, tukafika Entebbe kabla ya saa moja kuisha. Shangazi alipiga makofi tulipogusa ardhi, akadai chai yake; Wacera, aliyekuwa amebaki siku hiyo, akampima baba hapo hapo kitini. Baba alishuka kitini akiwa na jasho lakini hajakohoa hata kidogo, na akalala kama mtoto.

Safari ya Roma tuliifanya Jumamosi iliyopita, tukaanza asubuhi kwa kuwa ni ndefu. Mafuta nilipiga hesabu nikapata tani hamsini na tano. Akasema ongeza tatu, Roma ya Januari huwa na ukungu. Nikaongeza. Tulikuwa juu ya jangwa la Sudani, mchanga pande zote, stima ikapotea Gatitu nzima.

Niko na betri ya akiba, niliifunga kwa ajili ya oksijeni. Kompyuta nazo nilikuwa nimezichomeka hapo hapo. Kwa mzigo ule wote ingetuchukua robo saa. Kwa oksijeni peke yake, saa mbili. Hesabu hiyo baba aliijua kabla yangu. Nikamwona anauvuta mrija kutoka puani na kuzima mashine yake kwa mkono.

"Endelea na ndege," akasema. "Injini zote ni nzima."

"Baba, rudisha hiyo mrija."

"Bado niko na pumzi. Nimesema endelea."

Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Shangazi alikuwa analia, leso imemkwama kwenye kiti. Sijui niliitoa wapi ile sauti.

"Injinia, vaa oksijeni. Hiyo ni amri ya kapteni."

Alinitazama kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu akauchukua mrija kwa mikono miwili, akauvaa, akawasha mashine. "Sawa, Kapteni," akasema. Nikazima kompyuta na skrini zote. Tukakaa gizani mchana, mapazia yamefungwa, tukimsikiliza akipumua mpaka stima ikarudi.

Programu ilikuwa imehifadhi kila kitu. Tuliendelea pale pale tulipoachia, tukafika Roma saa mbili na dakika kadhaa za usiku. Baba alikuwa wa kijivu. Hakuomba chakula.

Jana daktari alikuja nyumbani. Nilimwuliza waziwazi, nikamwomba asinizungushe. Alisema mashine ya Nairobi inaweza kupumua kwa niaba ya baba, lakini haiwezi kuyarudisha mapafu, na kwa hali aliyo nayo hadhani atatoka kwayo akiwa hai. Akauliza ni nani anayesema kwa niaba ya familia. Shangazi akajibu kama ulivyomfundisha: "Ni Mbuvi, kijana wa kwanza. Tumngojee."

Baba alikuwa amefumba macho, tukadhani analala.

"Kapteni ni Kanini," akasema.

Daktari hakuelewa. Wacera alielewa, kwa sababu alikuwepo tulipokuwa Entebbe. Baba akanigeukia. "Jana uliniamuru nivae, nikatii. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Siku nitakayosema basi, nawe utanisikia?"

Hapa ndipo nataka unielewe, kaka, kwa sababu wewe unadhani sitaki apelekwe. Gari la wagonjwa nilikuwa nimeshalipanga mimi, lije leo asubuhi. Nilikuwa na jina la hospitali na la daktari wa zamu. Mimi ni mtu wa kutengeneza. Kitu kikiharibika nakifungua, na kama kuna nafasi hata ndogo najaribu. Na baba, aliyetengeneza mashine maisha yake yote, ananiambia nimwachie. Shangazi akanigusa bega.

Nikasema, "Nitakusikia, baba."

Akasema, "Basi nimesema." Akalala.

Gari nikaliambia lisije. Baba anabaki sebuleni, na oksijeni yake, na dawa ya maumivu aliyoiacha daktari. Wacera amenifundisha jinsi ya kumpa na dalili za kuangalia. Anasema huenda ni majuma, huenda ni siku. Nimeiandika hii ili usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba ilifanywa kwa siri. Iliamuliwa mchana, mbele ya watu wanne, na mwenyewe mgonjwa akiwa na akili zake. Usimpigie shangazi umvurugie moyo. Mpigie baba. Asubuhi ana sauti. Usimwulize kuhusu Nairobi. Mwulize kuhusu injini.

Najua kazi yako ina zamu, na najua kuna siku mtu akikataa anafukuzwa. Sikukaa huko, siwezi kupima. Lakini "endeleeni" ni neno unalomwambia mtu wa karakana, si baba aliyevaa tai kwa ajili yako.

Imebaki sehemu ya mwisho, Roma hadi London. Baba ameichagulia Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, saa ile ile, akiifikia siku hiyo. Asipoifikia, ndege itabaki Roma. Sitairusha bila injinia, nami nitakupigia, na siku hiyo utapokea.

Kiti cha kulia ni kitupu sasa. Kazi yake ni kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kila neno, na kujibu ukiulizwa. Si kazi ya dharau, nimeifanya mwenyewe. Kama unaweza kupanda ndege ya kweli uje uketi hapa kando ya baba, njoo, kitanda kipo. Kama huwezi, washa kompyuta yako alfajiri. Nilimwuliza baba kama tutakungojea ukichelewa. Amesema hilo si la injinia. Nimeamua, kaka: hatutangoja.

Nisalimie wifi Adhis, umwambie sweta alilomtumia baba ndilo analolivaa. Wabusu watoto wote. Shangazi Kasyoki anakusalimu, na Wacera pia, ingawa hamjuani. Mungu akulinde katika zamu zako, na akupe nafasi ya kusikia sauti ya baba wakati bado ipo.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na bado nakupenda,

Kanini Mwangangi