Swali Lililoingia Kwenye Simu ya Dada Yako

Baba Zuhura, asalaam aleikum. Mama mkwe shikamoo. Hamisi na Mwanahawa wangu, hamjambo? Mimi nimefika Songea salama.

Tuliyosikia ni kweli, Zuhura anashika simu! Nimemkuta Majengo kwa dada yako, anakokaa akisoma, anapukuchua mahindi huku anaichekea. Nikamnyang'anya. "Mwanamume gani huyu?"

"Mama jamani, ni Bi Tekla, mwalimu wetu! Kila jioni anatutumia darasa zima swali moja fupi, kwenye simu za nyumbani; hii ni ya shangazi."

Akanisomea: mche wa tumbaku ukihamishwa, kwa nini hunyauka? Nikamjibu kwa hasira, "Mizizi imekatika, nani asiyejua?" Akaandika hivyohivyo. Punde simu ikalia: "Sahihi. Sasa ungefanyaje mche usife?"

Nilikaa chini juu ya magunzi. Mimi niliyeishia darasa la pili, simu inaniuliza! Na wewe umenituma nimng'oe mtoto shuleni.

Nguo zake sijazifunga, mume wangu. Mpe dereva wa basi neno aniletee upesi, na tafadhali liwe la kumwacha asome.

Mama Zuhura